Nilimpa paka wangu panadol, kesho yake akapotea. Je, nimemuua?

"Shikamoo daktari. Naishi Majengo, hapa Moshi. Nina paka jike wa miaka mitatu. Ijumaa iliyopita aliamka anachechemea mguu wa nyuma, amejikunyata, hataki kuguswa. Jioni nikamsagia nusu kidonge cha panadol kwenye maziwa. Alilamba kidogo, akatoka mate mengi, akaacha. Jumamosi mchana alikula dagaa watatu wanne, jioni akatoka, na mpaka leo Jumatano hajaonekana. Tukikaa saluni kila rafiki ana lake. Mmoja anasema paka akijua anakufa huondoka nyumbani, nisihangaike. Wa pili anasema kuna jirani ametega sumu ya panya, nikimpata nimnyweshe maziwa na mafuta ya kula. Wa tatu anasema yeye humpa paka wake panadol ya maji ya watoto na hajawahi kudhurika. Mimi mwenyewe natumia amlodipini ya presha, na vidonge huwa vinanidondoka sakafuni, sasa hofu imenipanda kwamba huenda aliokota kimoja. Usingizi sipati. Rafiki amenipa vidonge vyake vya kulalia, na katika kuhangaika huku nimeruka dawa yangu ya presha siku mbili. Je, nimemuua paka wangu? Nimtafute wapi, na nikimpata nimfanyie nini?"

Marahaba, dada. Pole sana. Umeuliza mengi kwa pamoja, na yote yana uzito, lakini nianze na lile linalokukesha.

Kwa maelezo yako, sidhani kama panadol ile ndiyo iliyompoteza paka wako. Siwezi kuapa, kwa sababu sikumwona, na wewe hukupata nafasi ya kumtazama fizi. Ila kuna mambo mawili uliyoyaandika yanayonipa moyo. La kwanza ni yale mate. Panadol ni chungu, na paka akionja kitu kichungu hutoka mate na povu papo hapo, kisha yanakatika. Hiyo ni karaha ya ulimi, sumu yenyewe bado haijaanza kazi. La pili, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni wale dagaa wa Jumamosi mchana. Paka aliyedhurika na panadol huonyesha ndani ya saa chache, na mara nyingi saa 12 hazipiti: analegea, anatapika, anahema kwa shida, uso na nyayo zinavimba, fizi zinabadilika rangi. Wako alikuwa amepitisha usiku mzima na asubuhi yake, akainuka, akala, akatoka kwa miguu yake mwenyewe. Paka ambaye damu yake imekwisha kuharibika hana hamu ya dagaa.

Lakini usichukue maneno hayo kuwa ruhusa ya kumpa tena. Kidonge kimoja cha kawaida kina miligramu 500, kwa hiyo nusu yake ni 250. Paka wetu wengi wa huku wana kilo tatu hadi nne. Angemaliza yale maziwa, angekuwa amepata zaidi ya miligramu 60 kwa kila kilo ya mwili wake, na kiasi hicho kinaua. Kilichomwokoa, kama kilimwokoa, ni kwamba aliona uchungu akaacha.

Watu wengi hudhani shida ni ukubwa wa kipimo, kwamba paka ni mdogo basi apewe kidogo. Hapana. Shida ni ini. Binadamu akimeza panadol, yaani parasetamoli, ini lake huiunganisha na aina fulani ya sukari, kama mtu anavyofunga mzigo kabla ya kuupakia basini, na ikishafungwa hivyo figo huitoa kwenye mkojo bila matata. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya maalumu. Paka hana kimeng'enya hicho cha kutosha. Jeni ya kukitengeneza ipo mwilini mwake lakini ni mbovu, imeharibika tangu kwa mababu zake wa kale, na wala hayuko peke yake: simba na duma nao wako vivyo hivyo. Maelezo ambayo watafiti wengi wanayaona ya maana ni kwamba ukoo huu wote umeishi kwa nyama tupu. Asiyekula majani wala mbegu hakuhitaji kusafisha kemikali za mimea, na uwezo usiotumika ukapotea.

Sasa parasetamoli ikikosa njia ya kutokea, inabaki mwilini na kugeuka sumu. Sumu hiyo inamaliza akiba ya kinga iliyomo kwenye ini na kwenye chembe nyekundu za damu, halafu inaishambulia hemoglobini, ile inayobeba oksijeni. Hemoglobini ya paka huharibika upesi kuliko yetu. Nimewahi kumtoa damu paka aliyepewa kidonge kizima na mwenyewe kwa nia njema kabisa. Damu ilipanda kwenye bomba la sindano ikiwa na rangi ya kahawa nzito, na tone lililoangukia pamba nyeupe lilibaki kahawia hivyo hivyo, halikugeuka jekundu hata baada ya kukaa hewani. Mnyama wa namna hiyo anahema kwa nguvu zake zote, hewa inaingia mapafuni, na bado anakosa pumzi, kwa kuwa hakuna cha kuibeba kuipeleka mwilini.

Ndiyo maana nasema hakuna kipimo cha panadol kilicho salama kwa paka, hata robo ya kidonge. Mwambie rafiki yako wa tatu, kwa upole lakini umwambie leo leo, kwamba panadol ya maji ya watoto ni dawa ile ile. Nyingi zinazouzwa madukani kwetu zina miligramu 120 kwenye kijiko kimoja cha mililita 5. Kwa paka wa kilo tatu hiyo ni miligramu 40 kwa kilo, na kuna paka walioumwa kwa 10 tu. Kama wake hajadhurika mpaka sasa, nashukuru. Huenda nyingi huishia kwenye manyoya na sakafuni. Paka kupona mara moja au mbili hakumfanyi awe salama mara ya tatu.

Sasa tuje kwa paka mwenyewe. Amepotea siku ya nne, na huyo aliyekwambia usihangaike kwa kuwa paka anayekufa huondoka nyumbani amekupa ushauri unaoweza kukunyima paka aliye hai. Paka ni mwindaji, lakini kwa umbo lake naye ni windo la mbwa na wanyama wengine. Mnyama wa hali hiyo akiumia au akiugua hatangazi. Hutafuta mahali penye giza, pembamba, anajibana humo na kunyamaza. Watu wanamwona kaondoka, wiki moja baadaye wanakuta mzoga nyuma ya stoo, wanasema alikwenda kufia mbali. Hakwenda mbali. Alikuwa hatua chache kutoka jikoni, akisikia anaitwa, na maumivu yakamfanya asijibu. Hili nataka ulishike vizuri: paka mgonjwa aliyejificha anaweza asimjibu hata mtu anayempenda kuliko wote.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliokusanya habari za paka zaidi ya 1,200 waliopotea, wengi wao katika nchi za mbali na kwetu. Robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka mahali walipopotelea, na wengi sana walikuwa karibu zaidi ya hapo. Karibu theluthi ya paka wote walipatikana ndani ya siku saba, na wengine waliendelea kupatikana hata baada ya miezi. Moshi si huko. Sisi tuna mbwa wanaofunguliwa usiku, tuna bodaboda, tuna mitaro ya mvua. Hata hivyo tabia ya paka kujificha karibu ni ile ile, na nimeiona hapa kwetu mara nyingi.

Na wako alikuwa anachechemea. Kwa paka anayetoka usiku, mguu wa nyuma ukiuma na hataki kuguswa, jambo la kwanza ninalolifikiria ni kung'atwa na paka mwenzake. Jino la paka ni jembamba na refu, linaingia kama sindano, na anayekimbia hung'atwa nyuma, kwenye paja au shina la mkia. Ngozi hujifunga juu yake upesi, usaha ukabaki chini, homa ikapanda. Ukipapasa unakuta sehemu ya moto, iliyovimba, na katikati ya manyoya kuna kigaga kidogo kama punje ya mtama. La pili ni kugongwa au kuanguka. Kwa vyovyote vile, paka wa mguu mmoja mbovu hajafika Himo. Yuko mtaani kwako.

Kwa hiyo mtafute karibu, na umtafute usiku. Mchana Majengo kuna watu, watoto, redio, pikipiki, na paka mwenye hofu hatoki. Ngoja saa nne usiku na kuendelea, au alfajiri kabla ya adhana. Nenda na mtu mwingine kwa usalama wako. Shika tochi usawa wa macho yako na umulike chini chini polepole, kwa kuwa macho ya paka yana ngozi ya ndani inayorudisha mwanga, na utaona vitone viwili vya kijani au manjano hata kama mwili wote umefichika. Usipaze sauti. Mwite kwa sauti unayotumia ukimpa chakula, kisha nyamaza, usikilize kwa muda. Tikisa bakuli lake, gonga sufuria ya dagaa kama kawaida yako.

Anza ndani kwako kabisa: juu ya dari, nyuma ya kabati, ndani ya stoo ya mkaa. Kisha banda la kuku, chini ya mabati yaliyoegeshwa ukutani, chini ya magunia, kwenye majani makavu ya migomba yaliyorundikwa, ndani ya karavati, kwenye pagala lolote ambalo ujenzi wake umesimama, chini ya magari yanayolala hapo, na chini ya vibanda vya biashara. Kuna jambo moja majirani hulisahau: paka huingia stoo iliyo wazi, mwenye nyumba akafunga, akasafiri. Usiwaulize tu "mmemwona paka wangu?" maana watakujibu hapana na kuendelea na shughuli zao. Waombe wafungue milango, na uingie na tochi wewe mwenyewe.

Mwambie Mangi wa duka la karibu, waambie vijana wa kijiwe cha bodaboda, na zaidi ya wote waambie watoto wa mtaa. Hakuna msako unaowashinda watoto walioahidiwa soda. Waonyeshe picha yake, lakini uwaonye wasimshike wala kumtupia mawe. Wakimwona waje kukuita. Mtu akikupigia kwamba anaye na anataka umtumie nauli kwanza, mwambie akutumie picha ya paka aliyopiga leo. Usitume hata shilingi kabla hujamwona.

Usiku acha chakula chenye harufu kali karibu na mlango, dagaa wa kukaanga ni wazuri, pamoja na maji na kanga uliyoilalia. Ukiweza acha dirisha moja wazi.

Swali moja ambalo hukulitaja: amefungwa kizazi? Kama hajafungwa, kuna uwezekano mwingine ambao si wa msiba. Paka jike kwenye joto huondoka siku kadhaa, na mwenye mimba akikaribia kuzaa hutafuta maficho. Mimba ya paka ni kama siku 63 hadi 65. Ukikumbuka alilialia na kujigaragaza sakafuni miezi miwili iliyopita, angalia na tumbo lake kwenye picha zako za karibuni.

Kuhusu sumu ya panya, rafiki yako wa pili hajakosea kuihofia. Alichokosea ni tiba. Maziwa hayaui sumu. Mafuta ya kula ni mabaya zaidi, kwa sababu sumu kadhaa huyeyuka kwenye mafuta na kunyonywa upesi, na paka dhaifu akimiminiwa mafuta mdomoni yanaingia mapafuni. Nimeona wanyama wakiponea sumu wakafa kwa nimonia ya mafuta. Maji ya chumvi ya kumtapisha nayo yasisogezwe, na mkaa wa jikoni uliosagwa si ule mkaa wa dawa tunaoutumia sisi.

Sumu zenyewe haziko za aina moja, na hapo ndipo kazi ya daktari ilipo. Zile za vipande au punje zenye rangi, bluu au waridi, nyingi huzuia damu kuganda. Paka anaonekana mzima kabisa siku tatu, nne, hata tano, kisha anaanza kuvuja damu ndani au nje, fizi zinakuwa nyeupe. Dawa yake ni vitamini K1, na hutolewa kwa wiki kadhaa. Zile za vipakiti visivyo na maandishi zinazouzwa barabarani mara nyingine ni dawa kali za wadudu za mashambani, na hizo hazingoji: mate yanatiririka, mwili unatetemeka, mboni za macho zinakuwa ndogo, ndani ya dakika au saa chache. Kuna na ile yenye zinki fosfaidi, ambayo ikikutana na tindikali ya tumbo hutoa gesi yenye sumu. Paka wako kuchechemea mguu mmoja na baadaye kula dagaa hakufanani na mbili za mwisho. Ya kwanza siwezi kuifuta, hasa kama alikula panya aliyekwisha kuila. Nenda kwa jirani huyo bila ugomvi, mwombe pakiti au hata kipande cha pakiti, ukipige picha. Picha hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo yoyote.

Ukimpata, usimvute mkono mtupu. Paka mwenye maumivu hung'ata hata aliyemlea. Mfunike kanga nene au taulo, mzungushe mwili mzima, umtie kwenye boksi lenye matundu au tenga la kuku, lifunikwe juu. Usimpakate kwenye bodaboda, kelele moja tu na mmempoteza tena. Bajaji inafaa.

Akikung'ata au kukukwaruza, acha kila kitu. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, Mawenzi au KCMC au kituo cha afya kilicho karibu, ueleze kwamba ni paka aliyekuwa amepotea na useme kama alichanjwa kichaa cha mbwa au la. Ugonjwa huo dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikiwahi inazuia. Hata bila kichaa, kidonda cha jino la paka kinaota usaha kwa siku moja. Hili la kwako wewe linatangulia la paka.

Ukishamtuliza, mpandishe mdomo wa juu kidogo kwa kidole gumba umtazame fizi kwenye mwanga wa jua. Za waridi, ukibonyeza zikawa nyeupe na kurudi waridi ndani ya sekunde mbili, una muda wa kujipanga, mpeleke asubuhi. Nyeupe: anapoteza damu. Za njano: ini. Za kahawia au za kibuluu, au uso umevimba, au anahema mdomo wazi: usipike, usioge, mpeleke saa hiyo hiyo. Paka wa mjini anayehema mdomo wazi akiwa ametulia yuko hatarini.

Piga simu kabla hujatoka. Wataalamu wengi wa mifugo hapa Kilimanjaro siku nzima wako na ng'ombe na kuku, na si kila mmoja ana vifaa vya paka. Ofisi ya mifugo ya manispaa itakuelekeza. Kama kuna shaka ya panadol, uliza mapema kuhusu asetilisisteini. Ndiyo dawa inayotumika pia kwa binadamu aliyezidisha panadol, na vilevile kulainisha makohozi, kwa hiyo daktari wa mifugo anaweza kuipata kwenye famasi ya watu. Nguvu yake kubwa iko saa za mwanzo. Mweleze kila kitu bila aibu: lini ulimpa, kiasi gani, kilibaki kiasi gani kwenye bakuli. Hakuna daktari mwenye akili atakayekugombeza, na ukificha unamfanya atibu kwa kubahatisha.

Na kama atakuwa hajala siku zote hizi, usimjazie bakuli kwa furaha. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Paka akikaa siku kadhaa bila kula, hasa aliyenenepa, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza, na huo ni ugonjwa kamili unaohitaji matibabu. Hata akirudi mwenyewe anatembea vizuri, mlete apimwe.

Amlodipini yako sasa. Huenda utashangaa kusikia kwamba sisi nasi huitumia, paka wazee wenye presha hupewa dawa hii hii. Ila kipimo cha kuanzia ni kama miligramu 0.6 kwa siku, sawa na kipande kimoja cha nane cha kidonge cha miligramu 5. Paka akimeza kidonge chako kizima presha yake inaanguka vibaya, analegea, anaweza kuzimia. Habari njema ni kwamba paka, tofauti na mbwa, kwa kawaida hali kidonge kilichoanguka. Hukipiga kwa mkono, hukikimbiza chini ya kochi. Hesabu vidonge vilivyobaki kwenye karatasi yake ulinganishe na siku. Kwa kuwa umeruka siku mbili, ondoa hizo kwenye hesabu.

Zaidi ya hiyo, nachelea zaidi vitu vingine vya nyumbani. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo la paka na kuua figo. Hata ile ya kupaka kwenye goti, paka akikulamba au akalala juu yake. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya paka kufa katika nyumba ambazo watu walijipaka dawa ya maumivu yenye flurbiprofeni, ambayo ni ndugu wa hizi. Na kuna hili ambalo naliona kila msimu wa kupe: mtu ana ng'ombe wa ndani, amebakiza dawa ya kuogeshea, anampaka paka ili kuondoa viroboto. Nyingi ya dawa hizo ni za jamii ya permetrini na sipametrini. Mwili wa paka hushindwa kuzitoa kwa upesi, na matokeo yake ni kutetemeka na degedege. Dawa ya viroboto ya paka iwe imeandikwa paka. Ya mbwa haimfai, hata mkipunguza.

Nije kwako. Mimi natibu wanyama, kwa hiyo neno la mwisho juu ya mwili wako ni la daktari wako na mfamasia wako, na nataka uwaone kesho. Lakini jambo hili halipaswi kungoja mpaka hapo: vile vidonge vya kulalia vya rafiki yako, usivimeze. Hujaniambia jina lake, na sina hakika kama unalijua. Dawa za usingizi ni nyingi, baadhi hupunguza pumzi, baadhi mwili ukizizoea haukubali kuziacha, na kipimo kilichopangwa kwa mwingine hakikupangwa kwa mtu mwenye presha. Vitie kwenye bahasha, vipeleke kwa mfamasia avitambue. Wewe ulimpa paka panadol kwa sababu kwako ni dawa nzuri. Rafiki yako amekupa vidonge vyake kwa sababu hiyo hiyo. Anakupenda, sina shaka, na bado hajui kinachoendelea ndani ya mishipa yako.

Kuhusu siku mbili ulizoruka, amlodipini hukaa mwilini muda mrefu. Inachukua kati ya saa 30 na 50 nusu yake kutoka, kwa hiyo haiondoki yote kwa mara moja. Rudi kwenye kipimo chako cha kawaida kwa saa yako ya kawaida. Usimeze viwili ili kufidia. Pima presha kesho, umwambie anayekupima ukweli wa siku mbili hizo. Ukipata maumivu makali ya kichwa au kifua, macho kuona ukungu, upande mmoja wa mwili au mdomo kulegea, au pumzi kubana, nenda hospitali usiku huo huo. Na msako wa usiku usikumalize: leo nenda wewe na jirani, kesho aende mtu mwingine wa nyumbani.

Siwezi kukuahidi kwamba utampata hai. Siku nne kwa paka aliyeumia ni nyingi, ila hazijapita kiasi cha kukata tamaa, na ningekuwa mimi ningeendelea na tochi angalau wiki mbili, kisha ningebaki na chakula mlangoni na picha kwa Mangi kwa miezi kadhaa. Kama utamkuta amekufa, na ukataka kujua sababu, mwite mtaalamu wa mifugo aone mwili kabla ya kuzika. Usimfungue wala kumshika mkono mtupu.

Ukiniandikia tena, nijibu haya: amefungwa kizazi au la, alichanjwa kichaa cha mbwa lini, na kwenye lile bakuli la Ijumaa maziwa yalibaki kiasi gani. Kama una picha yake ya Ijumaa au Jumamosi inayoonyesha uso na nyayo, niambatishie.